Mkate wa kumimina umeiva!

Msimu wa korosho umefika, huku Mikindani mabibo yananukia kila kona. Jana nimepika mkate wa kumimina kwa mara ya tatu. Mara mbili za mwanzo ulibaki mbichi katikati, niliharakisha moto wa juu. Safari hii mchele ulilala majini usiku kucha, nikausaga na tui zito, hamira na iliki, nikauacha mpaka ukaumuka vizuri. Nikaanza na moto wa chini tu; vilipotokea vitundu, nikanyunyizia korosho za vipande, nikafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko. Bibi wa jirani kaomba kipande cha pili, jamani! Kesho ni jamu ya mabibo, nitayachemsha kwanza na chumvi yapunguze ukakasi.