Kutoka madaka ya Amu hadi ploti za Mokowe

Basi la Malindi lilitufikisha Mokowe jua la utosi, nikateremka gatini kutafuta boti. Kuvuka si kazi kubwa. Ukishapata pa kuweka mguu kati ya magunia ya viazi na mitungi ya gesi, Amu, yaani mji wa Lamu, hiyo mbele yako. Mimi huchora ramani za makazi, na nimechoshwa na mitaa ambayo jirani humjua mwenzake kwa rangi ya geti lake. Nilitaka kutembea katika mji uliopangwa kwa njia nyingine.

Nilianzia mtaa wa Mkomani, kwenye nyumba za mawe. Vichochoro ni vyembamba hata punda mwenye shehena ya mchanga akija, unajibana ukutani apite. Wembamba huo una kazi yake: kuta hutiliana kivuli, na saa saba mchana utakuta watu wamekaa nje wakizungumza, jambo ambalo mitaa yetu mipana ya lami hairuhusu.

Wanakaa kwenye daka. Hili ni sebule ndogo ya mlangoni, ina paa, na mabaraza ya mawe kushoto na kulia. Mwenye nyumba ndiye aliyelijenga, lakini mpita njia huketi, husalimu, hupumzika. Mzee mmoja alinisogezea mto bila kuniuliza natoka wapi. Nilipouliza kama hawaoni taabu wageni kuwa karibu hivyo na watu wa ndani, aliinuka akanionyesha. Nyuma ya mlango kuna tekani, ukumbi mdogo unaopinda kabla ya kufika kiwanda, yaani ua wa ndani, kwa hiyo jicho la mtaani linaishia ukutani. "Hapa utakaa mpaka magharibi, bwana, na ndani hujakuona," alisema. Nilikichora kipindo hicho mara mbili. Sisi kwa faragha hujenga ukuta wa kuzunguka ploti nzima. Hapa kona moja imetosha.

Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na wageni husifia zaidi milango ya nakshi. Mimi nilisimama sana chini ya wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Zamani wanawake walipita huko juu kutembeleana bila kushuka mtaani. Daka lilikuwa la wanaume, tusijidanganye.

Wala si kila mtu alikuwa na nyumba ya mawe. Mtaa wa Langoni, upande wa kusini, nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti, na ndiko mwanachuoni Habib Swaleh alikoweka Msikiti wa Riyadha, akiwafundisha hata wale ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao darasani. Karibu na hapo nilinunua mahamri kwa mama aliyetandika mkeka kizingitini. Mamake mzazi alikuwa ghorofani. "Miguu imemkataa, mwanangu. Majirani humjia kila siku, ila yeye kwenda kwao ndiyo imekuwa muhali." Ngazi zenyewe nilizipanda: zimesimama wima, hazina pa kushika. Chini yake kuna mtaro, na hakuna kiti cha magurudumu kitakachouvuka. Anayetaka kuiga Amu aanze kwa kurekebisha hapo.

Niliporudi bara nilizunguka Mokowe kidogo. Ndiyo makao makuu ya kaunti, na tangu gati la kwanza la bandari ya Kililana lifunguliwe mwaka 2021, vigingi vya mpaka huvikosi. Ploti ni za futi 50 kwa 100, mistari imenyooka, kivuli hakuna. Nilimuuliza fundi aliyekuwa akipanga matofali kama kuna aliyewahi kumwagiza baraza la nje. Akacheka.

"Akitaka nitamjengea, hata siku mbili hazifiki. Lakini wote huanza na ukuta. Huyu hata msingi wa nyumba hajachimba, na geti tayari limeshalipiwa."