Kuchagua Samaki wa Tangi la Mto Kongo

Tangi langu lina urefu wa sentimita 150, na upana na kina chake ni sentimita 50. Upande wa kushoto nimefunga pampu inayosukuma lita 6,000 za maji kwa saa, ili mkondo upite juu ya mawe kwa nguvu kabla ya kutulia upande wa kulia, nyuma ya gogo. Nilikusudia kuiga kipande kimoja tu cha Mto Kongo, yaani maporomoko yanayoanza chini ya Pool Malebo, mahali mto unapotanuka kama ziwa karibu na Kinshasa, na kuendelea hadi Matadi, ambako mto hushuka takriban mita 270 katika mwendo wa kilomita 350 hivi. Kupanga mawe na kufunga pampu kulinichukua wiki mbili. Kuchagua samaki kulinichukua mwaka mzima, kwa sababu nilianza kwa kosa ambalo naliona pia kwa wafugaji wenzangu: niliwachagua samaki kwa jina la mahali walikotoka.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, nimekulia karibu na mwalo wa Kibirizi, na sasa ninaishi Antwerpen, Ubelgiji. Siku moja, katika duka la samaki wa mapambo, niliona samaki sita aina ya Tropheus chini ya kibao kilichoandikwa Tanganyika, na nikashindwa kuwaacha. Muuzaji alinihakikishia kwamba wataelewana na samaki wangu wa Kongo kwa kuwa wote ni wa Afrika. Nami nilikuwa na hoja yangu mwenyewe, kwamba maji ya Ziwa Tanganyika hutoka kupitia Mto Lukuga, yakaingia Lualaba, ambao ni sehemu ya juu ya Mto Kongo, na hatimaye yakapita katika maporomoko yaleyale ninayoyaiga. Kwenye ramani hoja hiyo ni kweli. Lakini maji ya ziwa ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake, kipimo cha uchachu ambamo 7 ni katikati, inakaribia 9, ilhali mto umepokea njiani maji laini ya misitu, na kwenye tangi langu, ambamo huchanganya maji ya bomba na ya mvua, pH haipandi sana juu ya 7. Zaidi ya hayo, Tropheus ana utumbo mrefu ulioumbwa kwa ajili ya mwani anaoukwangua juu ya mawe, nami nilikuwa nikiwalisha wote mabuu mekundu. Wiki ya tatu wawili walikataa chakula, matumbo yao yakavimba, na kinyesi kikawa uzi mweupe. Mwezi ulipokwisha alikuwa amebaki mmoja, nikampeleka kwa mfugaji mwenye tangi la Tanganyika. Niliumia sana, kwa sababu walikuwa samaki wazima na mimi ndiye niliyewaingiza mahali pasipowafaa.

Tangu hapo swali langu la kwanza dukani ni moja: mwili wa samaki huyu umeumbwa kwa maji ya namna gani? Mfano bora ninaoujua ni Steatocranus casuarius, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1939 na Max Poll, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya Tervuren hapa Ubelgiji. Ni wa jamii moja na perege, lakini kibofu chake cha hewa kimepungua kiasi kwamba haelei kama perege. Hutua chini, akajiegemeza kwa mapezi ya tumboni, kisha akaruka kwa vituo kutoka jiwe hadi jiwe. Ukimtia kwenye tangi la maji yaliyotulia ataishi, lakini utamwona anajikokota tu. Mkondo ukimpita, mwili wote unapata maana yake: dume, mwenye nundu ya mafuta kwenye paji la uso, huuelekea mkondo uso kwa uso na kubaki palepale huku kila kitu kinachomzunguka kikisombwa. Wangu ni jozi moja. Wamechimba chini ya jiwe bapa, wakibeba changarawe kwa mdomo na kuitema nje, mpaka ikawa kichuguu mlangoni pao. Jozi moja katika urefu huu inatosha, maana madume wawili watagombania kila shimo.

Sakafu ilipopata wenyewe, nilitafuta samaki wa maji ya juu ambaye hatawania mawe. Nilimchagua Phenacogrammus interruptus, ambaye wafugaji humwita tetra wa Kongo, na nikanunua 12, kwa kuwa ni samaki wa kundi na wakiwa watatu au wanne hujificha tu. Hapa pia mwili ulinipa onyo ambalo nililisoma kwa kuchelewa. Dume ana mapezi marefu kama shela, na mapezi ya namna hiyo si ya maporomoko. Samaki huyu hupenda sehemu tulivu zaidi za mto. Wiki ya kwanza walijibana kwenye kona moja, na ncha za mapezi zikaanza kuchanika. Nililisogeza gogo, nikaongeza mimea ya Anubias na Bolbitis heudelotii, huu wa pili ukiwa wa jamii ya kangaga unaoshika kwenye mawe, hadi theluthi moja ya tangi ikawa kimbilio lenye maji ya polepole. Sasa huingia kwenye mkondo kufuata chakula na kurudi wanapotaka.

Usiku ni zamu ya Synodontis nigriventris watano, jamaa wadogo wa gogogo, ambao huogelea migongo ikiwa chini. Samaki wengi wana mgongo wa rangi nzito na tumbo jeupe. Huyu ni kinyume, tumbo lake ndilo jeusi. Mchana hujibandika chini ya gogo na hawamsumbui yeyote.

Niliowakataa ni wengi. Ninayetaka kumtaja ni Distichodus sexfasciatus, ambaye pia ni wa Kongo, na ambaye huuzwa akiwa na urefu wa kidole na mistari inayovutia kila macho. Hukua kupita nusu mita na hula mimea. Asiuziwe mtu mwenye tangi la sebuleni.

Joto ninaliweka kwenye nyuzi 25, wala silipandishi ili samaki wachangamke, kwa sababu maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika 30 hubeba 7.5 hivi. Samaki wa maporomoko amezoea maji yenye msukosuko na yaliyoshiba hewa, hivyo pampu ikizimika yeye ndiye anayetweta kabla ya wengine. Nina pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, na kila mwezi huijaribu.

Juma lililopita nilimwona Teleogramma brichardi dukani, mwembamba mfano wa kalamu, mkaaji halisi wa mawe ya Kinsuka, kwenye maporomoko karibu na Kinshasa. Mwili wake unafaa kabisa kwa mkondo wangu. Ila naye huishi chini ya mawe na hulinda eneo lake kwa ukali, na chini ya jiwe langu bapa makinda wa Steatocranus wameanza kuchungulia mlangoni, baba yao akiwa amejaza tundu lote nyuma yao. Nimemwacha.