Siku Moja Maishani Mwangu: Nikichambua Takwimu za Umaskini wa Jamii za Asili

Saa mbili asubuhi nilianza na utangulizi wa ripoti, unaonukuu makadirio ya Shirika la Kazi Duniani: watu wa jamii za asili ni takribani milioni 476, yaani asilimia 6 hivi ya watu wote duniani, lakini ni karibu asilimia 19 ya wanaoishi katika umaskini uliokithiri. Kila ninapoziona tarakimu hizo mbili zikiwa pamoja huniuma, kwa kuwa pengo kubwa namna hiyo halikuja lenyewe.

Kuanzia saa tatu hadi adhuhuri nilishughulika na swali moja tu la dodoso letu la kupima umaskini wa kaya, lile la paa. Kaya yenye paa la bati hupewa alama za juu, na yenye paa la nyasi hupewa za chini. Kwa hiyo familia iliyotolewa msituni ikapelekwa kwenye nyumba za bati huonekana kwenye jedwali kuwa imeinuka kimaisha, ilhali imepoteza chemchemi, mitishamba, mawindo na mizinga ya nyuki, na sasa hutegemea vibarua visivyo na uhakika ili inunue vile ilivyokuwa ikivipata bila fedha. Hakuna mahali dodoso linapouliza ardhi ni ya nani, swali ambalo kwa maoni yangu lilistahili kutangulia mengine yote. Nilipendekeza liongezwe, pamoja na swali la iwapo kaya imewahi kuhamishwa kwa nguvu, jambo linalokatazwa na kifungu cha 10 cha Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa Septemba 13, 2007.

Saa nane tulikutana. Wenzangu walihofia urefu wa dodoso, hofu ambayo ina msingi, kwani mtu aliyechoka hujibu ilimradi. Hata hivyo, niliona maswali hayo yanahitajika, kwani nchi nyingi hazirekodi jamii ya mtu katika sensa, na wastani wa taifa huwafunika kabisa watu wa jamii za asili walio wachache.

Saa kumi nilipitia majedwali ya maji na shule.

Kabla ya kuondoka nilipata majibu: swali la ardhi litajaribiwa, ila lile la kuhamishwa limewekwa kando. Nimeliandika upya kwa ufupi, na nitalirudisha katika kikao kijacho.