Gobore limepata mwenyewe

Jamani lile gobore langu nililokuwa nauza limeondoka leo! Thompson/Center Hawken kaliba 50, ile ya kuigiza bunduki za wawindaji wa Marekani wa miaka ya 1800, nililichukua mtumba enzi zile nina wazimu wa kuwinda kulungu huku Pennsylvania. Wengi walikuwa wanauliza ni la gumegume (linalowasha baruti kwa cheche za jiwe) au la fataki (kijikofia kinacholipuka kikigongwa), nikisema fataki wanapotea, maana msimu wa kuwinda wa baada ya Krismasi huku wanataka gumegume tu. Sasa leo kaja mzee mmoja hana maneno, kachukua fimbo ya kushindilia kaidumbukiza kwenye mtutu, kashika kwa kidole pale mdomoni, kaitoa kaipima kwa nje ya mtutu kama ilifika mwisho, kuhakikisha hamna risasi imebaki ndani. Nikasema moyoni huyu ndo mwenyewe! Halafu kapitisha kitambaa cheupe kikatoka na mafuta tu, kutu hamna, maana masizi ya baruti nyeusi yanaleta kutu, usipoosha mtutu kwa maji ya moto na sabuni mapema umeumia. Punguzo hakuomba, kahesabu hela kasepa. Mama watoto keshaanza kuulizia hizo hela, we acha tu 😂