Mpingo waachie wachongaji

Huku Kusini mtu akitaka kuchonga upinde, mti wa kwanza kumjia kichwani ni mpingo, maana ni mgumu. Hapo ndipo anapokosea. Upinde unataka mti unaokunjika na kurudi. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Mikono ya upinde ikiwa mizito, mshale hutoka umechoka. Tena kupata kipande kilichonyooka cha sentimita 170 kisicho na kifundo ni bahati. Mkorosho ndio usijisumbue kabisa.

Tafuta mkole. Kabla ya kuangusha shina, kata tawi la unene wa kidole gumba, likaushe wiki mbili, kisha livunjie gotini. Likikatika pu kama muhogo mbichi, na upinde utakatika hivyohivyo. Likichanika nyuzi ndefu na kung'ang'ania kama muwa, umepata. (Msitu ukiwa wa hifadhi, kibali kwanza.)

Shina liwe na kipenyo cha sentimita 6 hadi 8. Toa magome siku hiyohiyo, la sivyo bungua wataingia. Lipasue katikati, paka ncha zote mbili rangi ya mafuta au gundi ya mbao, kwa sababu ncha hukauka upesi kuliko katikati na nyufa huanzia hapo. Laza kivulini, pasipogusa sakafu. Kwa unyevu wa pwani yetu, Mikindani au Kilwa, usihesabu miezi: pima kwa mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka wiki tatu mfululizo, mti umekauka. Ukichonga ukiwa bado mbichi, utakunjika na kubaki umekunjika.

Mgongo wa upinde, yaani upande unaotazama shabaha, ufuate nyuzi za mti. Ukizikata kwa randa, mpasuko utaanzia hapo. Ukitaka nguvu zaidi, ongeza upana, si unene. Unene ukizidi kwa sehemu moja tu ya kumi, upinde unakuwa mgumu kwa theluthi nzima, na nyuzi za mgongo zinavutwa kupita kiasi.

Upote, yaani kamba ya upinde, usiwe wa nailoni, unavutika mno. Uzi wa poliesta wa kushonea nyavu ni bora, uupake nta ya nyuki. Ubebe mara nne ya uzito wa kuvuta: upinde wa kilo 15, upote wa kilo 60. Katani inafaa, ila hulika upesi kwenye ncha.

Kwa kujifunzia, bomba la maji la plastiki linatosha badala ya mti. Usilisahau juani upote ukiwa umefungwa, litabaki na mkunjo.