Upande Ambao Hawakujenga

Jumamosi jioni, Novemba

Uzuri wa Adelaide Oval, uwanja mkubwa wa michezo wa mji wetu huku Australia, uko upande ule ambao hawakujenga kitu. Nimeliwaza hilo kwenye treni njia nzima ya kurudi Salisbury, na nikilala nalo litanisumbua kesho, kwa hiyo bora niliandike.

Tulikwenda kuangalia Sheffield Shield, kriketi ya majimbo, mechi ya siku nne ambayo hata watu wa South Australia wenyewe hawaijali sana. Uwanja unaobeba watu zaidi ya 53,000 ulikuwa na watu wa kuhesabika: wazee wenye kofia pana na redio ndogo masikioni, mama mmoja anafuma sweta, na watoto wanaoteleza juu ya nyasi kwa vipande vya maboksi. Nilikuwa na jirani yangu Baba Furaha. Yeye ni mtu wa Uvira, akakaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku, na kriketi kwake ni kitendawili kisicho na jibu. Mimi angalau nimezaliwa Mombasa. Marehemu baba alikuwa akinipeleka Mombasa Sports Club, na mwaka 2003 Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mtaa wetu mzima ulijifanya unaijua kriketi tangu tumboni. Basi kazi ya mkalimani ikaniangukia mimi.

Tulikaa upande wa kaskazini, kwenye kilima cha nyasi. Hapo hakuna viti wala paa. Nyuma yako kuna mikuyu mikubwa ya Moreton Bay, mizizi yake imetuna juu ya ardhi, na juu ya mikuyu unaona minara ya kanisa kuu la St Peter's. Pembeni umesimama ubao wa matokeo wa mwaka 1911, uliochorwa na mbunifu Kenneth Milne. Ni jengo hasa, lina ghorofa ndani, na majina ya wachezaji na namba vinabadilishwa kwa mikono mpaka leo. Baba Furaha aliutazama ukibadilika mara mbili tatu, kisha akaniuliza, "Mama Salim, kuna mtu mule ndani?" Nikamwambia wapo, tena si mmoja. Akacheka sana. "Nchi yenye televisheni kubwa vile, halafu mtu amefungiwa ubaoni anageuza namba!" Televisheni anayoisema ilikuwa pale pale, inaonyesha namba zile zile.

Sasa geuka utazame kusini, mashariki na magharibi. Huko kila kitu ni kipya: majukwaa makubwa yenye mapaa meupe yaliyopinda, maduka ya chakula, lifti, vyumba vya wageni wa heshima. Yale ya zamani ya matofali yenye matao, yaliyobeba majina ya wakubwa wa kriketi wa enzi hizo, yalibomolewa. Picha zake ninazo kwenye simu, na sitasema uongo, yalikuwa mazuri. Lakini mzee mmoja aliyekaa karibu nasi alituambia kwamba vyoo vyake usingependa kuviona, na kwamba kwenye baadhi ya viti nguzo ilikukatia uwanja nusu. Huyo ni mwanachama wa miaka mingi wa SACA, chama cha kriketi cha jimbo, ambacho kiliundwa mwaka 1871, mwaka ule ule uwanja ulipoanza. Nilimchokoza kidogo tu, akafunguka.

Kisa chenyewe ni cha ugomvi. Huu mpira wa Australia, wanaouita futi, ulizaliwa mikononi mwa watu wa kriketi. Mwaka 1858 Tom Wills, mchezaji kriketi maarufu wa Melbourne, aliandika barua gazetini akitaka wenzake waanzishe klabu ya mpira ili miili isilegee wakati wa baridi. Mwaka uliofuata wakaandika kanuni. Ndiyo maana futi huchezwa kwenye uwanja wa mviringo usio na kipimo kimoja: walicheza pale pale palipokuwa na kriketi. Kiangazi cha huku wenye rungu wanatawala, kipupwe kinaingia wenye mpira. Kwa makaratasi hakuna mpango bora kuliko huo.

Ila hapa Adelaide mafahali wawili walishindwa kukaa zizi moja. Uwanja ulikuwa chini ya SACA, na watu wa futi, chama chao kikiitwa SANFL, waliona wanajaza majukwaa huku wenye nyumba ni wengine. Na kweli walikuwa wanajaza. Fainali ya mwaka 1965 ilihudhuriwa na watu 62,543, wengi kuliko uwanja wa leo unavyoweza kubeba. Mwishowe SANFL walijenga kwao, Football Park, kule West Lakes karibu na bahari, wakahamia mwaka 1974. Kwa karibu miaka arobaini mji mmoja usio mkubwa ukawa na viwanja viwili vikubwa, kimoja kinalala kipupwe chote, kingine kinalala kiangazi chote.

Vyote viwili vikazeeka. Kule West Lakes hakuna treni, watu walichoka kukaa kwenye msururu wa magari, na Port Adelaide, moja ya timu za futi za hapa, ilifikia hatua ya kufunika viti vitupu kwa maturubai ili televisheni isiaibike. Huku mjini SACA nao walijenga jukwaa jipya la magharibi peke yao, likafunguliwa mwaka 2010, na likawaachia deni. Sehemu hii mzee alinisimulia polepole, kama mtu anayesimulia mahari ya binti yake. Serikali ya jimbo ilikuwa tayari kutoa dola milioni 535 za Australia. Ndani ya fedha hizo milioni 85 zilikuwa za kulifuta deni la SACA. Sharti: futi irudi mjini, na uwanja usiwe tena wa kriketi peke yake, bali usimamiwe na chombo cha pamoja cha vyama viwili.

Wanachama wa SACA wakapiga kura Mei 2011. Ilihitajika asilimia 75, zikapatikana kidogo zaidi ya 80.

Nilimwuliza mzee alipiga vipi. Akasema alipiga ndiyo, na mkewe akapiga hapana, na kwamba waliendelea kula meza moja. Aliyemshawishi yeye hakuwa waziri wala mchoro wa majukwaa. Alishawishika kwa sababu waliahidiwa kwamba kilima cha kaskazini, mikuyu na ubao wa matokeo havitaguswa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekikalia. Mtu mwenye deni kwa kawaida hana sauti. Anayelipa ndiye anayechora ramani. Hawa walikuwa na deni, lakini walikuwa na kura, na bila kura zao fedha zisingetoka. Walikubali kuuza karibu kila kitu, na wakachagua wenyewe kile ambacho hakiuzwi. Kama uamuzi ungeachwa kwa wahasibu, upande ule ungekuwa viti elfu kadhaa na matangazo ya bima.

Baba Furaha hakuvutiwa na mambo ya kura. Alichotaka kujua ni udongo. Baba Furaha ni mkulima, hata kama hapa ana bustani ya nyuma ya nyumba tu, na tangu tufike alikuwa amekazia macho ule ukanda wa katikati, mkavu, wenye rangi tofauti na nyasi nyingine. "Watu mia wakikimbia hapo na viatu vya njumu wakati wa mvua," akasema, "pale hapatapandika kitu." Alikuwa ameligusa lile tatizo ambalo wahandisi walilipwa kulitatua.

Kriketi inataka ukanda huo, pichi, uwe wa mfinyanzi uliogandamizwa kwa rola mpaka uwe mgumu kama sakafu, maana mpira lazima udunde chini kabla ya kumfikia mpigaji. Mchezaji wa futi akiangushwa juu ya sakafu hiyo anavunjika bega. Na kipupwe kikifika, miguu ya wanaume 36 inaugeuza matope, hasa kwa vile katikati ndipo mchezo unapoanzia. Kwa miaka mingi refa aliudundisha mpira pale pale kwa nguvu ili urukie juu. Kila mmoja anaharibu kitanda cha mwenziwe.

Dawa yake ni kuitoa pichi yenyewe. Pichi zinaoteshwa kwenye trei kubwa za chuma, kila moja ina uzito wa zaidi ya tani 20, na msimu wa kriketi ukikaribia zinabebwa kwa mtambo maalumu na kushushwa katikati ya uwanja. Futi ikianza zinang'olewa, shimo linajazwa, nyasi laini zinatandikwa. Wazo hilo lilianzia kwenye mashindano ya Kerry Packer, tajiri wa televisheni, mwishoni mwa miaka ya 1970, alipofungiwa viwanja vya kriketi akalazimika kucheza kwenye viwanja vya futi. Wazee wa Adelaide walinung'unika sana. Pichi yao ya zamani ilisifiwa dunia nzima, wapigaji waliipenda, na sasa wanaletewa ya kwenye sinia! Ila mechi ya kwanza ya kimataifa juu yake, dhidi ya Uingereza, Desemba 2013, Mitchell Johnson aliangusha wapigaji 7 kwa mikimbio (ndizo pointi za kriketi) 40 tu, na manung'uniko yakapungua. Miaka miwili baadaye, Novemba 2015, mechi ya kwanza ya Test, zile za kimataifa za siku tano, kuchezwa mchana na usiku kwa mpira wa rangi ya waridi ilichezwa hapa, Australia na New Zealand. Nyasi kwenye pichi ziliachwa ndefu kidogo ili mpira ule usichakae mapema.

Baba Furaha alisikiliza yote hayo, kisha akauliza, "Na mbolea wanatia gani?" Hapo mkalimani alishindwa.

Umbo la uwanja nalo lilibadilika. Zamani ulikuwa mrefu mno na mwembamba. Mpigaji akiupiga pembeni ni karibu, akiupiga mbele moja kwa moja ni safari. Sasa urefu ni kama mita 167, bado umechongoka lakini si kama ule wa kwanza. Wajuzi wa kriketi wana maoni marefu juu ya hili. Mimi sina.

Nilichonacho ni mtoto wa miaka kumi na mmoja asiyetaka kusikia kriketi hata kidogo. Salim ni wa futi, tena wa Port Adelaide, na sababu yake ina jina: Aliir Aliir, beki wao. Alizaliwa Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kambini, wazazi wake wakiwa watu wa Sudan Kusini. Mwaka 2021, msimu wake wa kwanza Port, alichaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Mara ya kwanza Salim aliposikia neno Kakuma kutoka kwa mtangazaji wa televisheni ya huku alinitazama kana kwamba nimemficha siri. Tangu siku hiyo sichagui tena channel nyumbani. Futi ilivyorudi mjini, Machi 29, 2014, Port ikicheza na Crows, timu nyingine ya mji huu, waliingia watu 50,397. Siku za futi hupandi hata basi: treni inakuacha kituo kikuu, unavuka mto Torrens kwa daraja la miguu, umefika. Daraja hilo nalo ni la mradi ule ule, na kwangu mimi ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko mapaa yote. Familia isiyo na gari inaweza kwenda.

Sijui kwa nini nimefika hapa bila kuitaja hoteli. Labda kwa sababu ndiyo inayoniudhi. Uwanja umekaa ndani ya bustani za umma zinazouzunguka mji, zilizopangwa na Kanali William Light mwaka 1837, juu ya ardhi ambayo Wakaurna walikuwa nayo kabla ya Kanali yeyote. Ukianza kujenga ndani ya bustani ya umma, kila jengo linaomba jengo jingine. Mwaka 2020 ikafunguliwa hoteli ya vyumba 138, imebandikwa nje ya jukwaa la mashariki, kwa mkopo wa serikali wa dola milioni 42. Majukwaa nilikubali, watu wote wanakaa. Vyumba vya kulala ni vya nani? Hakuna aliyepiga kura juu ya hilo, na wale wazee wa SACA safari hii hawakuwa na deni la kuwapa nguvu ya kujadiliana, jambo ambalo nimeliona la ajabu mpaka sasa ninapoliandika.

Nilimwambia Baba Furaha hivyo tulipokuwa tunapita chini yake kuelekea darajani. Alisimama akaitazama juu, dirisha kwa dirisha. Yeye hufanya usafi wa vyumba kwenye hoteli nyingine mjini, zamu za usiku, na magoti yanamsumbua.

"Hii iko karibu zaidi na treni," akasema. "Mama Salim, hebu niangalizie kama wanaajiri."

Nimeangalia. Kuna fomu kwenye intaneti. Kesho baada ya ibada yake atakuja tuijaze, na nimeshamwonya kwamba atakapokuwa anakunywa chai yangu atanisikiliza tena kuhusu hoteli hiyo.