Risasi za kupakia mwenyewe zinapokwama: nilivyokitafuta chanzo

Dalili ilikuwa moja. Slaidi (chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele) ya bastola ya milimita 9 inarudi mbele, kisha inasimama milimita 2 au 3 kabla ya kufunga. Risasi za dukani zilipita zote katika magazini ileile. Zilizokwama ni zile nilizopakia kwa mkono (ganda, baruti, fataki ya kuiwasha na kichwa nikiviunganisha mwenyewe), zenye vichwa vya madini ya risasi vilivyopakwa polima, ncha bapa, uzito wa greni 124, yaani kama gramu 8. Bastola ikila risasi za dukani na kuzikataa za kwako, usianze kusugua bastola kwa msasa. Tatizo liko mezani pako.

Naandika kutoka Marekani, ambako sheria ya shirikisho haidai leseni kwa anayepakia risasi za matumizi yake mwenyewe. Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, basi msomaji wa huko asijaribu.

Hatua ya kwanza ni kutengeneza risasi ya majaribio isiyo na baruti wala fataki, kufungua bastola tupu na kuutoa mtutu. Shika mtutu chemba, yaani tundu la nyuma linalopokea risasi, ikiangalia juu, udondoshe risasi ile ndani. Inatakiwa ishuke kwa uzito wake, itoe mlio mfupi wa chuma kugonga chuma, izunguke kwa kidole bila kukwaruza, na ukigeuza mtutu itoke yenyewe. Yangu ilishuka, lakini haikuzunguka, na ikabidi niivute kwa kucha.

Hapo wengi hukimbilia kubana mdomo wa ganda zaidi, au kukizamisha kichwa zaidi, kwa kubahatisha. Mimi huchukua kalamu ya wino mweusi, napaka risasi nzima kuanzia ncha hadi kitako, naiacha ikauke, naidondosha tena na kuizungusha. Wino ukifutika kwenye kichwa, juu ya mdomo wa ganda, kichwa kinagusa matuta ya ndani ya mtutu: risasi ni ndefu mno kwa chemba hiyo. Ukifutika ukingoni mwa mdomo, mdomo uliopanuliwa ili kichwa kiingie bado umepanuka. Ukifutika upande mmoja tu, chini kidogo ya mdomo, kichwa kimeingia kikiwa kimeinama na kulitunisha ganda. Ukifutika karibu na kitako, kalibu ya kurudisha ganda umboni haikushuka vya kutosha. Ishushe mpaka, ganda likiwa ndani, mwanya kati yake na kishikio cha ganda usizidi unene wa karatasi.

Kwangu wino ulifutika mahali pawili: kichwani na mdomoni.

Kuhusu urefu, kipimo cha juu cha risasi hii ni milimita 29.69, lakini kipimo hicho ni cha kuiwezesha kuingia magazini. Hakikuhakikishii kwamba itaingia chemba. Kichwa cha ncha bapa kina bega pana, na bega hilo huyafikia matuta mapema kuliko kichwa cha mviringo chenye urefu uleule. Nilianza na milimita 28.70, nikazamisha kwa 0.1 kila mara na kudondosha upya, hadi ikazunguka huru. Nikazamisha 0.4 zaidi ya akiba, kwa sababu vichwa havilingani na uchafu hujikusanya. Nikaishia milimita 27.3.

Hapa pana hatari ninayoomba isipuuzwe. Ganda la milimita 9 ni dogo. Kichwa kikizama zaidi, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda haraka. Ukibadilisha urefu, rudi kwenye kiasi cha chini kabisa cha baruti katika jedwali la mtengenezaji wa baruti hiyo, uanze kupanda upya kidogo kidogo.

Mdomo una hesabu yake. Kipenyo cha kichwa changu ni milimita 9.04, ukuta wa ganda kama 0.28, mara mbili ni 0.56, jumla 9.60. Kikomo ni 9.65. Kwa hiyo kubana ni kuondoa tu upanuzi uliofanya kichwa kiingie, basi. Risasi hii husimama chembani kwa kuegemea ukingo wa mdomo wake, na mdomo ukibanwa kupita kiasi unapoteza egemeo hilo. Tena shaba ya ganda hurudi nyuma kidogo baada ya kubanwa, madini ya risasi ya kichwa hayarudi, kwa hiyo kichwa hulegea badala ya kukazika. Kinachokishika kichwa ni ganda lililorudishwa umbo vizuri. Pima urefu, sukuma ncha kwa nguvu dhidi ya meza ukitumia risasi ya majaribio, pima tena. Ikifupika zaidi ya 0.1, angalia kama kipanuzi cha mdomo ni kipana mno.

Sababu nyingine ni za kupita haraka. Fataki iliyochomoza hukwaruza uso wa slaidi. Ipapase kwa kidole, iwe chini kidogo ya kitako. Ganda fupi la .380, aina nyingine ya risasi, likichanganyika na mengine huleta vurugu. Risasi 30 zikipita vizuri kisha zianze kukwama, kuna masizi au pete ya madini ya risasi mbele ya chemba. Na kama ganda tupu linanaswa kwenye slaidi, huenda baruti ni kidogo: weka risasi moja tu katika magazini, piga, slaidi ibaki nyuma. Isipobaki, haisukumwi vya kutosha.

Risasi hai ikikwama slaidi ikiwa wazi, usiigonge kwa kiganja. Elekeza bastola upande salama, toa magazini, vuta slaidi taratibu. Kichwa kilichong'ang'ania matuta kinaweza kubaki mtutuni, baruti ikamwagika ndani. Basi fungua na uchungulie kabla ya risasi nyingine yoyote.

Baada ya marekebisho hupakia 20 tu, na kila moja naidondosha kwenye mtutu uliotolewa kabla ya kwenda uwanjani.